Mgeni mpe jembe: ardhi, maji na amani katika Lualaba

Maneno yaliyosemwa Kolwezi mbele ya familia zilizohamishwa, machifu, na viongozi wa mitaa na wa dini



Nimeombwa niseme juu ya kutunza mazingira. Najua kwamba wengi wenu mliposikia neno hilo mlijiambia: huyu atatukataza kukata miti, kisha atapanda gari lake aende zake, nasi tutabaki tukitafuta makala ya kupikia bukari jioni. Sikuja kwa ajili hiyo. Mtu mwenye njaa hakatazwi kuni. Nimekuja kusema juu ya ugomvi, na juu ya njia moja ya kuuzuia kabla mvua za kwanza hazijanyesha na kila mtu hajatoka na jembe lake.

Wazee walituachia methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inasema na pande mbili. Inamwambia mgeni asikae akingojea sahani. Inamwambia mwenyeji ampe mgeni njia ya kujilisha. Lakini jembe bila udongo ni chuma na mpini tu. Mgeni akishapewa jembe atauliza: nilime wapi? Nichote maji wapi? Nikate kuni wapi? Maswali hayo matatu yasipojibiwa mchana, mbele ya watu, yatajibiwa usiku kwa panga.

Ugomvi unaanzia wapi

Sisi tunaofanya kazi ya kupatanisha watu tumejifunza kwamba vita vikubwa vina majina makubwa, lakini chuki ya kila siku inaanzia mahali padogo. Inaanzia kisimani, pale mama mwenyeji anapofika alfajiri na kukuta ndoo thelathini za wageni zimemtangulia. Inaanzia porini, pale mti wa mupundu ambao watoto wa kijiji walikula matunda yake unapokutwa umelala chini. Inaanzia shambani, pale mpaka ulioonyeshwa kwa kidole unaposahauliwa na wote wawili, kila mtu kwa upande unaomfaa.

Wale mliotoka Kivu mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi wenu, mambo ya mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa katika kambi karibu na Goma, kando ya Hifadhi ya Virunga. Hawakuwa na makaa wala gesi. Kila siku maelfu ya watu waliingia msituni kutafuta kuni, na katika miaka miwili tu zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu ziliharibiwa, nyingine kidogo, nyingine zikabaki uwanda mtupu. Wakimbizi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanapika. Lakini wenyeji waliobaki na vilima vilivyo wazi hawakusahau, na kovu lile la ardhi likawa sababu moja zaidi ya chuki katika nchi iliyokuwa tayari na sababu nyingi.

Hapa kwetu Lualaba hatujafika huko. Lakini tuangalie tulivyo. Katika jimbo hili wako watu waliohama kwa njia tofauti. Wako waliokimbia silaha: wengine kutoka Kasai katika vita vya mwaka 2016 na 2017, vilivyowatoa nyumbani watu zaidi ya milioni moja, wengine kutoka mashariki, hasa baada ya Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa mwaka 2025. Wako waliohamishwa na madini. Mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, madini ya kobalti yalipoonekana chini ya nyumba mwaka 2014, watu walichimba ndani ya nyua zao wenyewe, na mwaka 2017 mamia ya familia ziliondolewa ili sehemu ya mtaa izungushiwe ukuta na kukabidhiwa kampuni. Site Gécamines nayo imeona nyumba zake zikibomolewa kadiri shimo la mgodi linavyopanuka. Tena wako wazee kati yetu wanaokumbuka mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga na kulala miezi mingi kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi, wakingoja mabehewa.

Nayataja haya si kwa kuchokoza vidonda. Nayataja ili kila aliyekaa hapa aone kwamba jirani yake naye alifungasha vitu vyake siku moja. Yule tunayemwita mwenyeji leo, kesho barabara ya mgodi inaweza kupita sebuleni mwake.

Kwa nini nipande mti ambao sitaukalia kivuli?

Tunapozungumza na familia zilizohamishwa juu ya kupanda miti, jibu tunalopewa mara kwa mara ni hili: nimehama mara mbili, mara tatu. Mwembe unahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Nani amenihakikishia miaka hiyo?

Ni swali la haki, na anayelijibu kwa kusema "pandeni tu, Mungu ataona" hajalijibu. Mtu hupanda mti pale anapoamini kwamba atakuwapo, au kwamba mtoto wake atakuwapo. Asiye na hakika hiyo hupanda mchicha, yaani lengalenga, maana baada ya majuma machache atakuwa amekula. Hana uvivu huyo. Anapiga hesabu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui, na wenyeji wanaliona wazi kiasi kwamba hawalisemi. Katika desturi zetu, mti ni ushahidi. Mahindi yakivunwa, shamba linarudi kuwa pori, na hakuna atakayesema nani alilima. Mti haufanyi hivyo. Mti unasimama na kusema: fulani alikuwa hapa. Wajukuu wakigombania kiwanja, wazee wanauliza, nani alipanda mwembe ule? Kwa hiyo mgeni anapopanda mti kwa nia njema kabisa, chifu anaweza kuona kitu kingine: anaona mtu anayetia sahihi juu ya ardhi isiyo yake. Ndiyo maana mahali pengi wenyeji humruhusu mgeni kulima mihogo na mahindi, na kumkataza kupanda miti. Na ndiyo maana miche mingi iliyogawiwa kwa nia njema iling'olewa usiku. Waliogawa miche walisema watu hawa hawapendi mazingira. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeuliza ardhi ni ya nani.

Sheria za nchi nazo zina pande mbili. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Taifa. Lakini kijijini, anayekuonyesha mahali pa kulima ni chifu wa ardhi. Kati ya karatasi ya Taifa na kidole cha chifu kuna nafasi kubwa, na ndani ya nafasi hiyo familia nyingi zimepoteza jasho lao.

Basi neno langu la leo ni hili, na mkisahau mengine yote mshike hili moja: mapatano yapandwe kwanza, halafu mti.

Mapatano ya namna gani?

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano ya ardhi yasiyoandikwa ni mali ya namna hiyo. Karatasi moja inatosha, ikiwa imesomwa kwa sauti mbele ya watu, kwa lugha wanayoisikia, na kuwekwa nakala tatu: moja kwa chifu, moja kwa familia iliyopokea ardhi, moja kwa kamati ya amani au kanisa. Ndani yake tunashauri mambo sita yaandikwe.

La kwanza, mpaka. Usioneshwe kwa kidole. Watu watembee, wote wawili pamoja na majirani, na wataje mto, kichuguu, mti mkubwa.

La pili, miaka. Ardhi inatolewa kwa misimu mingapi? Afadhali miaka mitano iliyoandikwa kuliko "kaa tu" isiyo na mwisho wala mwanzo.

La tatu, miti. Iandikwe wazi kwamba mgeni akipanda mti, mti hautoi haki ya ardhi. Sentensi hiyo moja inamtoa chifu hofu. Kisha iandikwe vilevile kwamba matunda na kuni za mti ule ni za nani, na mgeni akirudi kwao atalipwa nini kwa kazi yake. Sentensi hiyo ya pili inampa mgeni sababu ya kuupalilia.

La nne, jina la mama. Mara nyingi anayelima ni mama, na anayeandikwa ni baba. Baba akifa au akienda kuchimba mbali na asirudi, mama anaambiwa hatujui wewe. Majina yote mawili yaandikwe.

La tano, msuluhishi. Tukigombana tutakwenda kwa nani kwanza, kabla ya polisi na kabla ya panga? Wachaguliwe watu wanne, wawili wa kila upande, na mmoja wao angalau awe mwanamke.

La sita ni la kwetu hasa, sisi wa nchi ya shaba. Kampuni ikija na kusema inataka ardhi hii, fidia itagawanywaje? Kampuni hulipa mazao, miti na nyumba zilizoko. Aliyepanda ni mgeni, ardhi iko chini ya chifu. Fedha zikishafika mezani, ndugu zangu, ni vigumu sana kupatana. Zipatanieni kabla hazijaja, wakati bado ni maneno tu. Jambo hili likiachwa, mti mliopanda pamoja ndio utakaowafikisha mahakamani.

Kazi ya mikono wakati tunangoja

Kuna mambo yasiyohitaji hati ya ardhi, na hata familia iliyofika jana inaweza kuyaanza.

Tuanze na makala. Makala tunayopikia yanatoka katika msitu wa miombo unaozunguka miji yetu, na kila mwaka malori yanakwenda mbali zaidi kuyatafuta. Gunia moja la makala limekula kuni zenye uzito mara tano hadi kumi wa uzito wake, kwa sababu sehemu kubwa ya mti inapotea kama moshi katika tanuru la udongo. Mbabula ya bati tupu nayo inapoteza joto kila upande. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1980, mafundi wanatengeneza jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake, nalo hupunguza makala kwa theluthi moja au hata zaidi. Fundi wa bati na mfinyanzi wakikutana wanaweza kutengeneza jiko la namna hiyo hapahapa. Mama akitumia magunia mawili pale alipotumia matatu, fedha za gunia la tatu ni daftari na kalamu za mtoto.

Kwa wale wanaochoma makala ili waishi, nasema hivi: miombo ni msitu wenye subira. Kisiki kilichobaki na mizizi yake hai huchipua chenyewe, bila mche, bila mradi. Anayeng'oa kisiki ameua mti. Anayekata na kuacha kisiki ameukopa. Yakitoka machipukizi kumi, bakizeni mawili au matatu yenye nguvu. Acheni miti michache mikubwa isimame itoe mbegu. Na jihadharini na moto. Moto wa mwanzo wa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu, hupita chini kwa chini. Moto wa mwezi wa 9 na wa 10, kila kitu kimekauka, huua machipukizi yote na kuondoa viwavi na uyoga tunaowangojea. Kijiji kinachokubaliana tarehe ya moto kimeshaokoa msitu zaidi ya kijiji kilichopewa miche elfu moja.

Sasa chakula. Ni aibu kidogo, lakini tuiseme: nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na unga wa mahindi tunaununua sehemu kubwa Zambia na mbali zaidi. Mpaka ukifungwa majuma mawili, bei inapanda na sufuria zinakuwa ndogo. Shimo la madini linalisha leo. Shamba linalisha na mwaka ujao.

Lakini si kila udongo wa Lualaba unafaa kulimwa. Mnajua yale maeneo ambayo miti imekataa kuota, kukabaki nyasi fupi na maua madogo ya zambarau. Wachimbaji wa zamani waliyafuata maua hayo kama alama ya shaba. Kwetu sisi iwe alama nyingine: usipande mboga hapo, wala kando ya lundo la takataka za kiwanda, wala mahali maji ya kuoshea mawe yanapopita. Mboga za majani hubeba madini kutoka udongoni na vumbi kutoka hewani. Kule Lubumbashi, watafiti wa chuo kikuu wamejaribu kurudisha majani juu ya udongo ulioharibiwa na moshi wa kiwanda, katika mtaa wa Penga Penga. Ni kazi ya miaka mingi. Udongo ukiharibika ni siku moja, kuponya ni kizazi.

Na maji, na vumbi. Mwaka 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa Kasulo. Waliwapima watu waliokaa katikati ya mashimo na watu wa mtaa wa jirani usio na mashimo. Wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na waliozidiwa kabisa walikuwa watoto, ingawa watoto wengi hawakuchimba chochote. Waliipata wapi? Vumbi la ndani ya nyumba. Baba anarudi na nguo, anakumbatia mtoto. Magunia ya mawe yanalazwa chumbani yasiibwe. Kwa hiyo nawaomba ninyi wachimbaji, ninyi kreseri, ambao jasho lenu linawalisha wengi hapa: vueni nguo za kazi nje, ziosheni peke yake. Mawe yasilale ndani. Gunia lililobeba madini lisibebe tena mahindi, hata likioshwa. Na mawe yasioshwe katika mto au ziwa ambalo mama wa chini anachota maji. Anayeoshea mawe juu anamnywesha jirani yake wa chini, na jirani huyo hajui jina lake ili aje amwulize.

Waliotutangulia

Sisemi mambo ya ndoto. Mtawa mmoja kutoka Kenya, Sista Catherine Mutindi wa shirika la Mchungaji Mwema, alifika hapa Kolwezi mwaka 2012 na kukuta watoto wakiokota mawe machimboni. Yeye na wenzake hawakuanza kwa kuwafukuza watoto machimboni. Walianza kwa kuwasikiliza wazazi, kwa sababu mtoto akitolewa kwenye shimo na mama hana shamba wala kazi, mtoto atarudi shimoni. Wakajenga shule, na pamoja nayo mashamba ya ushirika na mafunzo kwa kina mama. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Opus, kule Marekani. Sisi tukumbuke mpango wake: shule na shamba vilikwenda pamoja.

Mbali kidogo, kwenye uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, kuna mahali panaitwa Mampu. Hekta kama 8,000 za mchanga usio na msitu zilipandwa miti ya akasia, na tangu miaka ya 1990 zikagawanywa kwa familia za wakulima, kila familia kama hekta 25. Wanakata akasia ikikomaa, wanachoma makala, wanapanda mihogo na mahindi pale palipokatwa, na akasia inaota tena kati ya mihogo. Wanarina na asali. Ni makala yaleyale yanayouzwa Kinshasa, lakini hayali msitu wa mtu mwingine. Kivu Kaskazini nako, tangu mwaka 2007, mradi wa Ecomakala umewasaidia wakulima kupanda miti ya makala katika ardhi yao ili Virunga ipumzike. Angalieni neno moja katika habari hizi mbili: ardhi yao. Kila familia ilijua mpaka wake. Mapatano yalitangulia mti.

Na mama Wangari Maathai wa Kenya, ambaye mwaka 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, alifanya kazi hiyo tangu mwaka 1977 na kina mama wa vijijini. Wengine waliuliza miti inahusu nini na amani. Yeye alikuwa ameona watu wakipigana kwa sababu ya mto uliokauka na ardhi iliyochoka. Na alikuwa na desturi moja ya hekima: mama hakulipwa kwa mche aliopanda, alilipwa kidogo kwa mche uliopona. Miradi yetu na iige hapo. Tusihesabu miche siku ya picha. Tuhesabu baada ya kiangazi cha pili.

Neno kwa viongozi

Nimewatwisha mzigo wananchi. Sasa nawageukia viongozi, maana mama akibana makala jikoni na kiwanda kikimwaga tindikali mtoni, tumemdanganya mama.

Tarehe 18 Februari 2025, nchini Zambia karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la takataka za mgodi wa shaba ulibomoka na maji ya tindikali yakaingia mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Mwezi wa 11 mwaka huohuo, Lubumbashi, maji machafu ya kiwanda cha madini yaliingia katika mitaa ya watu, na serikali ikasimamisha kazi ya kampuni hiyo. Lualaba wetu unakwenda mpaka maziwa ya Upemba, ambako maelfu ya watu wanaishi kwa samaki. Tukiuharibu hapa juu, tunatengeneza wakimbizi wengine kule chini.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imewapa viongozi silaha za amani. Inasema kampuni iandike daftari la majukumu pamoja na jamii inayoizunguka: shule, maji, barabara, na lini. Inasema kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii hizo. Inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa komini, sekta au uchifu ambako mgodi uko. Tena, amri ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa kimila uwe wa jamii, hadi hekta 50,000, bila mwisho wa miaka.

Basi nawaomba, machifu na viongozi, mambo matatu. Daftari la majukumu lisomwe hadharani, si katika ofisi yenye mlango uliofungwa. Fedha za jamii zitangazwe zikiingia na zikitoka. Na familia zilizohamishwa zipewe kiti katika mikutano hiyo, hata kama ni kiti kimoja, kwa sababu nazo zinakunywa maji yaleyale. Mkimsahau mgeni mnapogawa kisima, msishangae akiwasahau mnapotafuta amani.

Nanyi ndugu zetu mliohamishwa: msingoje mpaka mkosewe ndipo mje kwa chifu. Nendeni kabla ya mvua, mkiwa watu wawili watatu wenye heshima, mkaombe ardhi kwa mdomo na mapatano kwa karatasi. Mkinyimwa mara ya kwanza, rudini na mtu wa dini au mzee wa mtaa. Kamati zetu ziko tayari kukaa katikati na kuandika. Hatudai malipo kwa kazi hiyo.

Bado yako majuma machache. Mbegu za mahindi zinaweza kungoja ndani ya debe mpaka udongo ulowe. Mapatano hayawezi kungoja mvua, kwa maana mvua ikishanyesha kila mtu atakuwa na haraka, na mwenye haraka hapimi mpaka. Kila mtaa ulio na wageni uketi juma hili. Aliye na kalamu aje nayo.

Mungu awape mvua nzuri na majirani wema.